Akiba ya Ukutani

4 Oktoba

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia wewe, na kupitia kwako ukoo mzima, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita mdogo wako amepewa kiti.

Si cheo. Ni kiti. Cha mbao, miguu minne, mmoja mfupi. Miaka sita nimelinda makumbusho haya ya fedha nikiwa wima, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake zahanati. Sasa nalinda nimekaa. Mkuu wa makumbusho alikileta mwenyewe, akakiweka kati ya kabati la sarafu na kabati la kauri, akaniambia, "Mzee, pumzika." Sikupenda hiyo mzee, lakini nilikaa kwanza, nikakasirika baadaye.

Kazi yenyewe unaijua. Chumba kirefu, madirisha ya nondo, makabati ya vioo, na ndani ya vioo fedha za kila zama. Zote zimekufa. Hakuna hata moja humu inayoweza kununua kiberiti, ndiyo maana mlinzi ni mmoja na silaha yake ni tochi. Nimesoma vibao vya maelezo mpaka nikavimaliza, nikaanza upya. Juzi nilikuwa nawaeleza watoto wa shule habari za kauri: kwamba zamani mtu alinunua ng'ombe kwa makombe madogo ya baharini, na mambo yalikwenda vizuri, mpaka wageni walipoleta kauri meli nzima nzima. Zikawa nyingi. Aliyelala tajiri akaamka na mapambo ya shingo. Watoto walicheka. Mwalimu wao hakucheka, nadhani alikuwa anawaza mshahara.

Nimesikia Kalamu amefaulu kwenda sekondari huku mjini. Mwambie mjomba wake alipiga kelele ndani ya makumbusho, mahali ambapo yeye ndiye aliyeajiriwa kuzuia kelele. Ningetuma ada na nauli leo hii, ila mishahara ya huku ina taratibu zake. Nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako,
Mlinzi wa Fedha Zilizokufa


13 Oktoba

Mdogo wangu,

Hongera ya kiti. Usikizoee.

Barua hii inakuja na dereva wa lori la matofali kama kawaida. Usinilaumu kwamba sipigi simu. Mtandao hapa unashika juu ya tanuru peke yake, na juu ya tanuru simu huiva kabla hujasema haloo.

Wewe unalinda fedha zilizokufa. Mimi ndizo ninazolipwa. Nilikuficha kwa kuwa unapenda kuhangaika, lakini sasa imefika shingoni.

Tangu Machi hatujaona noti. Meneja alitukusanya uwanjani, akasema pesa taslimu imeadimika, subirini kidogo, kwa muda tutalipwa vibati. Kibati ni kipande cha bati la kuezekea, kimekatwa duara, kimegongwa alama ya tanuru na namba. Ukijaza ubao mmoja wa matofali, kibati kimoja. Unakipeleka duka la kampuni unapewa unga, mafuta, sabuni. Nje ya geti hakinunui hata pole. Huo "muda" ndio huu, na tumembatiza meneja jina la Bwana Subirini. Bei za duka zinapanda kila akikohoa mwenye duka, na mwenye duka ni shemeji yake Subirini. Hesabu hiyo haihitaji mtu kufaulu.

Nilikuja huko shuleni kwa Kalamu wiki iliyopita, nimepanda juu ya matofali, na mfuko wa vibati mkononi. Sikupita kwako kwa sababu lori halingoji. Mwalimu mkuu ni mtu mzuri. Alikishika kimoja, akakigeuza, akaniuliza kama ni cha kuzibia sufuria. Nikamwambia ndiyo, nikatoka.

Nikamwendea Subirini. "Nibadilishie hivi kwa pesa, mtoto aende shule."

"Mama, subira yavuta heri."

"Yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

"Basi kumbuka chumba unacholala ni cha kampuni. Wanaokitaka ni wengi."

Sasa wewe umekaa na historia nzima ya fedha mgongoni. Niambie: watu wa zamani waliopewa takataka wakaambiwa ni mali, walifanyaje? Usinijibu kwa methali, methali ninazo. Kalamu ataingia shule Januari, kwa pesa halisi, ya jasho langu. Sitaki ya kuomba, na wewe usijaribu kuikopa.

Dada yako,
wa banda la kalibu


22 Oktoba

Dada,

Nimesoma barua yako nimekaa, nikaisoma tena nimesimama.

Umeuliza, nami siwezi kukunyima elimu. Kabati la nne lina noti ya karatasi, ya kale, imechakaa kama kitambaa cha jikoni. Walioanza kutumia noti walikuwa Wachina, walichoka kubeba sarafu nzito. Mfanyabiashara anaacha sarafu zake mahali salama, anapewa karatasi inayosema: mwenye hii atalipwa. Kwa hiyo noti haikuzaliwa mali, dada. Ilizaliwa ahadi. Na kibati chako ni ahadi vilevile, ila imeandikwa kwenye bati kwa sababu aliyeahidi hakutaka kugharamia karatasi.

Kisha watoa ahadi wakagundua jambo. Watu hawaji wote siku moja kudai. Leo anakuja huyu, kesho yule. Basi unaweza kuahidi zaidi ya ulichonacho ghalani, na hakuna atakayejua. Benki nyingi zimeishi hivyo, zikanenepa. Mpaka ilipotokea siku watu wote wakaja asubuhi moja. Hapo mlango hufungwa, wakubwa hutokea dirishani, na nje watu hulia.

Nakuandikia haya ili uogope. Si ili upate mawazo. Nakujua wewe. Ulipoambiwa utotoni kwamba nyuki wanauma, ulikwenda kwenye mzinga kuhakikisha. Una chumba kimoja na mtoto mmoja. Subirini ana askari wa geti na shemeji. Tulia, nami nitatafuta njia ya ada huku.

Mdogo wako anayekuomba


5 Novemba

Mdogo wangu,

Asante kwa maelekezo. Yako wazi sana.

Tumeanza. Wanawake wote wa banda la kalibu, tunakofyatulia matofali, na Mama Majivu anayelisha kuni tanuru, tumekubaliana: dukani tunanunua unga na chumvi, basi. Vibati vinavyobaki tunaweka. Siku tukiwa tayari, kabla shule hazijafunguliwa, tutaingia wote asubuhi moja tudai vitu vyote. Duka lenyewe nimelikagua kwa macho. Nyuma ya mstari wa mbele wa makopo kuna maboksi matupu. Amepanga kama mtu anayevaa shati lenye kola tu.

Njaa ipo, sikudanganyi. Mboga tulizopanda nyuma ya vyumba zinaliwa kabla hazijajua kuwa ni mboga. Lakini nikuambie kitu: hakuna anayenung'unika kama zamani. Zamani tulinung'unika na kununua.

Mwenye duka ameanza kusimama mlangoni.

"Jamani, mbona siwaoni? Nimewakosea nini?"

"Tumefunga," akasema Mama Majivu.

"Mfungo gani huu?"

"Wa sabuni. Hujasikia? Tunanuka kwa imani."

Akamwambia shemeji yake, na shemeji yake akatuma askari kupekua vyumba. Eti mfanyakazi hana sababu ya kukaa na vibati vingi, atakuwa ameiba. Waliokutwa navyo walinyang'anywa. Ndipo mimi, dada yako unayemwambia atulie, nikapata wazo. Sisi ni mafundi wa matofali. Udongo ukiwa mbichi unaminya kibati katikati, unajaza kalibu, unasawazisha, unatoa tofali kama matofali mengine yote. Kila mmoja anatia alama ya dole gumba upande wa chini. Tunayaanika nyuma kabisa ya banda. Askari wanapita katikati ya utajiri wetu wakitafuta chini ya magodoro.

Akiba haiozi. Mwambie mkuu wako wa makumbusho tumefungua benki.

Dada yako


14 Novemba

Dada,

Nimekosa usingizi kwa ajili yako, na huu ni mchana.

Kwanza, yale hayakuwa maelekezo. Pili, nina kabati jingine la kukutisha. Kabati la pili, sarafu za fedha, kingo zake zimeliwa. Watu walikuwa wanachonga kidogo kidogo pembeni, sarafu inabaki na uso wa mfalme lakini mwili umekonda. Wafalme nao hawakuwa mabwege. Wengine walisubiri mpaka hazina ikauke, kisha wakatangaza: sarafu za zamani zimekufa, leteni tuwape mpya. Na mpya ilikuwa na uso uleule na fedha kidogo zaidi. Aliyechelewa kuleta akabaki na chuma chakavu.

Unaona ninapoelekea? Anayetengeneza fedha anaweza kuiua siku atakayo. Subirini akinusa tu kwamba mmeficha, atabadilisha vibati. Nunueni vitu sasa, hata kama ni makopo. Kopo halibadilishwi kwa tangazo.

Kuhusu ada bado nahangaika. Kuna watu huku wameniahidi.

Mdogo wako


29 Novemba

Mdogo wangu,

Yametimia yote uliyosema, na moja usilolisema.

Jumatatu Subirini alitukusanya. Vibati vipya vimekuja, vina tundu katikati. Vya zamani mwisho wake ni tarehe kumi na tano Desemba, asiyeleta asilaumu mtu. Alikuwa anatabasamu. Nami nikatabasamu, maana siku ya kwenda wote imepangwa na yeye mwenyewe. Nikawaambia wenzangu: tarehe kumi na tano asubuhi. Jioni tukaenda nyuma ya banda kuanza kuvunja matofali.

Hayakuwepo.

Mvua ilikuwa inakuja wiki ile iliyopita, zamu nyingine ikaamriwa isombe kila tofali lililokauka, liingie tanuruni. Hawakujua. Hatukuwaambia, siri ilikuwa yetu. Mama Majivu kazi yake ni mdomo wa tanuru, hajui tumboni mmepangwa nini. Amelisha moto siku zote zile kwa bidii, anaimba, anachagua kuni nzuri. Amechoma akiba yake mwenyewe mpaka ikaiva. Akiba haiozi, mdogo wangu. Waliosema hivyo hawakufanya kazi ya matofali.

Subiri, bado. Nimefuatilia yalikopelekwa. Hayakuuzwa. Duka linajengewa stoo mpya ubavuni. Nilipita jana nikainama kama mtu anayefunga kiatu, nikachungulia chini ya mstari wa mwisho ambao haujatiwa saruji. Dole gumba langu. La jirani yangu. La Mama Majivu, pana kama kijiko. Akiba yetu yote imekuwa ukuta wa shemeji.

Wengine hawanisemeshi. Wana haki. Wazo lilikuwa langu. Kalamu ameacha kuuliza habari za shule, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ameacha kwa adabu.

Sijalia. Nasubiri nipate hasira ya kutosha.

Dada yako


6 Desemba

Dada yangu,

Safari hii sikutishi. Sina tena haki hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Zile "taratibu" za mshahara: sijalipwa tangu Agosti. Kile kiti nilipewa siku niliyokwenda kuuliza. Wale "watu walioniahidi" ni mkuu wa makumbusho, peke yake, na yeye huahidi kwa wingi. Nimekaa katikati ya fedha za dunia nzima, nakula kwa kukopa, naandikia dada yangu atulie. Jana nilipomaliza barua yako nilifunga mlango mkubwa, nikatia funguo mfukoni, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi. Mkuu akaja. "Mzee, wageni wanangoja." Nikamwambia, "Nami pia." Sijui kesho itakuwaje. Funguo nimelala nazo.

Sasa nikuliwaze kidogo, maana naona hunalo la kufanya ila kuvumilia. Kuna picha hapa ukutani, ya kisiwa kimoja mbali sana, ambako fedha zilikuwa mawe. Mawe ya duara, mengine makubwa kuliko gurudumu la lori. Jiwe halihamishwi. Likinunua shamba, linabaki palepale, watu wanajua tu kwamba sasa ni la fulani. Inasimuliwa kwamba jiwe moja kubwa lilizama baharini likiletwa na mtumbwi. Hakuna aliyeliona tena. Lakini kwa kuwa kila mtu alijua limezama, na la nani, ukoo ule uliendelea kuhesabiwa matajiri, na jiwe liliendelea kuwa mali vizazi na vizazi, huko chini na samaki.

Kwa hiyo usijione umepoteza. Mali yenu ipo, na kila mmoja wenu anajua ilipo. Ichukulie kama jiwe lile. Ni faraja tu, sina zaidi.

Mdogo wako


17 Desemba

Shikamoo mjomba,

Ni mimi Kalamu. Mama amesema nikuandikie yeye hawezi, mikono ina malengelenge. Anasema pia asante kwa maelekezo ya jiwe. Tulipofika pale pa "kila mmoja wenu anajua ilipo" alinyanyuka akaenda kugonga milango, na walewale waliokuwa hawamsemeshi wakafungua.

Tarehe kumi na tano hakuna aliyekwenda kwenye kalibu. Walikwenda dukani wote. Mwenye duka alikuwa amesimama nje, ameegemea ukuta wa stoo mpya, anachokonoa meno.

Mama akamwambia, "Tumekuja kubadilisha vibati."

"Leteni."

"Umeviegemea."

Akageuka kuangalia nyuma yake, kama kuna mtu. Ndipo akaona patasi na nyundo.

Walianza juu, mstari kwa mstari. Mjomba, hawakubomoa kwa fujo. Lisilo na alama ya dole walilipanga pembeni vizuri, wima, kama linalosubiri mteja. Lenye alama walilipasua. Vibati vilitoka vyeusi kama makaa, lakini alama ya tanuru na namba vinasomeka. Tabu ilikuwa moja: udongo ukichomwa unanywea, basi alama zote zilikuwa zimepungua na hakuna dole lililoingia. Mama Majivu alijaribu kwenye tofali lake mpaka kwa kidole cha mwisho. Akasema, "Nimelea kidole hiki miaka yote kumbe ndicho chenye benki."

Bwana Subirini akaja anakimbia, kikombe cha chai mkononi. "Subirini! Subirini!"

"Tumekuita jina hilo mwaka mzima," akasema Mama Majivu, "leo huna haja ya kujitambulisha."

"Mnabomoa mali ya kampuni!"

Mama hakuacha kugonga. "Hatubomoi. Tunatoa akiba."

Akamwita askari wa geti. Askari akaja, akamwona mke wake juu ya ukuta na patasi. Wakaangaliana. Askari akainama kufunga kamba ya kiatu. Mjomba, aliifunga kamba ile mpaka saa sita mchana.

Basi Bwana Subirini akaokota kibati. "Hivi vyeusi. Vyetu vinang'aa."

"Noti ikichafuka mnaikataa?" Mama akamuuliza. "Uliahidi kwa namba au kwa kung'aa? Isome." Hakuisoma. Akasema leo haiwezekani, waende kazini, suala lao atalipeleka juu, na wao wawe na subira.

Mama Majivu akakaa chini, akanyoosha miguu. "Sawa," akasema. "Nasubiri."

Halafu mmoja mmoja wakageuza shingo kuangalia bomba la tanuru, na Bwana Subirini pia akaangalia. Tanuru lilikuwa siku ya pili ya kuchoma, limejaa matofali ya mteja mkubwa, na hakuna mtu mdomoni mwake. Moto ukilala katikati, matofali yanakuwa si mabichi si mabivu, hata ya kumtupia mbwa hayafai. Moshi ulikuwa mnene. Ukawa kama wa jikoni. Ukawa kama wa sigara. Alikuwa anaangalia moshi, anatuangalia, anaangalia moshi. Chai ilipoa mkononi mwake hajainywa.

"Kuni," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Noti," akasema mama.

Wakaandikiana palepale, shemeji akiwa shahidi. Vibati vyote vya zamani, vyeusi kwa vyeupe, vinapokelewa. Vilivyotosha vitu vya dukani tulichukua vitu, na duka likaisha kabla ya saa tisa. Tulichukua mpaka kamba za viatu. Askari alinunua jozi mbili. Vilivyobaki, pamoja na mishahara kuanzia sasa, ni noti halisi, malipo ya kwanza tarehe tano Januari. Mama Majivu ndipo akanyanyuka kwenda kulisha tanuru. Alikwenda polepole, anasalimia watu njiani.

Mama amepewa barua ya kuhama chumba mwisho wa Januari. Alisema hili nisikuandikie, ndiyo maana nimeliandika mwisho.

Mpwa wako,
Kalamu


27 Desemba

Dada yangu, shujaa,

Pole ya mikono, mwenye mikono. Barua ya Kalamu nimewasomea wageni ndani ya makumbusho, mbele ya kabati la nne. Mwanamke mmoja alipiga makofi. Mkuu wa makumbusho alikuwa amesimama nyuma yake na hakupata pa kuweka uso.

Kwa upande wangu: siku tatu mlango haukufunguliwa. Siku ya nne nililipwa miezi miwili kati ya minne, nikahamishiwa geti la nje kwa utovu wa adabu. Huku nje kuna jua na mvua, na heshima ni nyingi kupita kiasi. Hiyo miwili iliyobaki nimemwambia naijua ilipo.

Nimefikiri sana, dada. Miaka yote hii nilidhani historia ya fedha ni historia ya wafalme, kwa sababu nyuso zao ndizo zilizogongwa juu. Sasa naona sivyo. Kauri, chumvi, sarafu, karatasi, mawe, vibati: vyote vilikuwa vitu vya hovyo mpaka mtu wa kawaida alipokubali kuvipokea, na vilikufa siku mtu wa kawaida alipokataa. Nguvu haikuwa kwa anayegonga mhuri. Ilikuwa kwa anayenyoosha mkono. Nyinyi mmerudisha mkono nyuma. Watu wa aina yenu hawawekwi kwenye makabati, lakini bila ninyi makabati yasingekuwa na kitu.

Chumba cha kuhama: njoo kwangu, tutabanana. Usibishe.

Kalamu apande basi la tarehe saba, ndilo linalopita kwenu wiki hiyo. Shule inafunguliwa tarehe tisa. Nitakuwa stendi tangu asubuhi, nimevaa koti la kazi, nimepiga pasi. Nataka nimpokee kama anavyopokelewa mtu anayekwenda shule kwa pesa halisi.

Mdogo wako,
anayejivuna


8 Januari

Mdogo wangu,

Najua jana ulisimama stendi mpaka jioni na koti lako la pasi. Kalamu mzima, hajambo. Kaa chini nikueleze kwa mpangilio.

Chumba sihami. Barua ya kuhama nimezibia dirisha lenye kioo kilichovunjika, upande wa maandishi nje, Subirini akipita asome mwenyewe. Wenzangu wamemwambia siku nikitoka mimi, wanatoka wote, na Mama Majivu akamuuliza kama anajua kulisha tanuru. Amesema tusubiri, atafikiria. Mwache afikirie.

Tarehe tano tulilipwa. Meza iliwekwa uwanjani, mhasibu, sanduku la chuma, daftari. Tulipanga mstari tumevaa nguo za kutokea, kama tunakwenda harusini. Hakuna aliyesukuma. Jirani yangu alipofikiwa aliomba aitwe tena jina, kwa sauti. Akaitwa tena. Mama Majivu alipokea noti zake akazinusa, akasema zinanuka mikono ya watu wengi, ndiyo raha yake. Nilipofika mimi Subirini alikuwa amesimama pembeni na mikono mfukoni. Nikamwambia, "Bwana meneja, tumesubiri, heri imekuja." Akaangalia viatu vyake.

Tulilipwa kila mtu noti kubwa, zile kubwa kuliko zote, mpya, zinakata vidole. Ada na nauli ya Kalamu zote zimo ndani ya noti moja na inabaki. Nilimshonea mfuko wa ndani ya sketi. Jana alfajiri banda zima lilimsindikiza barabarani, na sanduku lake kichwani kwa askari wa geti, ambaye siku hizi ni mtu wetu. Basi likaja. Tukaimba. Mama Majivu akatoa hotuba akisimama mlangoni mwa basi, akawaambia abiria huyu ni mtoto wa wanawake waliovunja ukuta, wamkalishe dirishani. Abiria wakapiga makofi. Nikampa mwanangu mkono, hakulia, sikulia, akapanda, akaonyesha ile noti.

Duka tulilimaliza wenyewe, kwa hiyo hapo pa kwenda kuivunja hapakuwepo, na sisi sote mifukoni tulikuwa na noti za namna hiyohiyo. Basi lingine linapita Jumatano ijayo, na lori la matofali Subirini amelikataza kubeba abiria. Mwambie mwalimu mkuu atachelewa.

Kondakta hakuwa na chenji.

Dada yako